UNGA WETU NAO USEME KILICHOMO NDANI

Mtu anayekula ana haki ya kujua anakula nini. Neno hili si la kitaalamu, wala si anasa ya watu wa miji mikubwa. Ni haki ya mama wa Ilembula anayemkorogea mtoto wake uji, kama ilivyo haki ya mama wa London au wa Cape Town. Twalisema mapema ili ndugu zetu wasomaji wajue tunakokwenda. Twataka kila pakiti ya chakula inayofungwa na wafanyabiashara wetu wadogo iandikwe, kwa Kiswahili kinachosomeka, vyote vilivyomo ndani yake. Na vile vyakula vinavyojulikana kuwadhuru baadhi ya watu viandikwe kwa herufi nzito ili jicho liviokote kwanza.

Tutazame hali ilivyo. Katika maduka ya Ilembula, sokoni Makambako na mjini Njombe, siku hizi mna mali nyingi iliyotengenezwa na watu wetu wenyewe. Kuna unga wa lishe, siagi ya karanga, mafuta ya alizeti, mikate, keki, asali na karanga za kukaanga. Nyingi ni kazi ya mikono ya kina mama na vijana waliojiunga katika vikundi. Hili ni jambo la fahari. Taifa linalosindika mazao yake lenyewe halimsubiri mtu wa mbali aje kulilisha.

Lakini shika pakiti moja ya unga wa lishe uitazame. Wako watengenezaji walioandika kila kitu kama inavyotakiwa, na hao twawapa hongera. Wengine wengi wameandika jina la kikundi, namba ya simu, na maneno ya kusifu kwamba unga huu ni bora kwa watoto, wazee na wagonjwa. Pengine pana picha ya mtoto anayecheka. Ukitafuta kilichomo ndani, hukuti. Au wakuta maneno matatu tu: mchanganyiko wa nafaka.

Mchanganyiko upi? Sisi sote twajua unga huu hutengenezwaje. Huyu huchanganya mahindi, ulezi na soya. Yule huongeza karanga na ngano. Wa tatu hutia ufuta, mbegu za maboga na maziwa ya unga. Wa nne husaga na dagaa ndani. Mfuko ukishafungwa, unga wa wote wanne hufanana rangi, nao huitwa jina moja. Mama akinunua wa huyu leo na wa yule kesho, adhani ananunua kitu kile kile, kumbe mtoto amepewa chakula kingine kabisa.

SILAHA LAZIMA IJULIKANE

Pengine msomaji atauliza kwa nini tunaushikilia unga huu kuliko keki na mikate. Sababu ni hii. Mkoa wetu wa Njombe unalima mahindi, maharage, viazi, ngano na matunda, na magari hupakia chakula chetu kila siku kwenda kulisha miji. Hata hivyo, uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wapatao 50 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani humu wamedumaa. Ni aibu inayotuhusu wote, na vita ya kuifuta imeanza. Kina mama wanaambiwa kliniki wauboreshe uji wa watoto. Wengi wasio na nafasi ya kuchanganya nyumbani hununua uliokwisha changanywa.

Kwa hiyo unga wa lishe ni silaha katika vita hii. Askari hapewi silaha bila kuambiwa ina nini ndani. Mtoto wa miezi sita, ambaye tumbo lake ndiyo kwanza linakutana na chakula cha dunia, anastahili uangalifu usiopungua huo.

MZIO NI NINI

Kuna watu ambao miili yao hukikataa chakula fulani ambacho kwa wengine ni chema. Hali hiyo huitwa mzio, na wengine huiita aleji. Mwili hukiona chakula hicho kama adui aliyeingia, nao huanza kupigana. Mtu huota vipele, midomo na macho huvimba, hutapika au kuharisha. Ikizidi, koo hubana, pumzi hukata na presha hushuka ghafla. Hapo dakika ndizo zinazohesabiwa, na dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini. Mtu aliye mbali na hospitali hana dakika hizo za kupoteza.

Tusichanganye mzio na sumu. Mwaka 2016 wananchi wa mikoa ya Dodoma na Manyara walipatwa na msiba wa sumukuvu iliyotokana na ukungu katika nafaka. Watu 68 waliugua na 20 walikufa. Adui huyo hapigwi kwa maandishi. Hupigwa kwa kukausha mazao vizuri, kuyahifadhi pakavu na kuyapima. Mzio ni jambo jingine. Karanga iweze kuwa safi, kavu, iliyokaangwa vema, na bado itamdhuru yule asiyeiweza. Kinga yake ni kuijua na kuiepuka, na asiyeambiwa hawezi kuepuka.

Wako watakaosema kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Twawajibu kwa hesabu. Huko Afrika ya Kusini wataalamu waliwapima watoto wadogo wa Cape Town na wa vijijini katika jimbo la Eastern Cape, wakatangaza matokeo mwaka 2019. Mjini walikuta mzio wa chakula kwa watoto wawili na nusu katika kila 100. Vijijini, mtoto mmoja katika kila 200. Mayai na karanga ndivyo vilivyoongoza mjini. Hatusemi kwamba hesabu hiyo ndiyo ya Njombe. Twasema kwamba Mwafrika naye ana mwili, na kwamba hata kule ambako mzio ni haba, upo. Tena watu wetu wanahamia mijini, na chakula cha pakiti kinahamia vijijini.

Wengine watasema hawajasikia mtoto wa kijijini kwao aliyedhurika kwa karanga. Labda. Lakini mtoto akivimba uso usiku, majirani husemaje? Mmoja husema ni kijicho, mwingine husema ni mdudu amemuuma, wa tatu husema chakula hakikumpenda. Akifikishwa kwa mganga hospitalini, swali la kwanza ni: alikula nini? Mama hujibu kwa uaminifu wote: alikunywa uji. Uji wa nini? Wa lishe. Hapo maarifa ya mganga yamegonga ukuta. Pakiti ingekuwa imeandikwa, mama angeileta, nao wangeona pamoja kwamba mara zote tatu mtoto alipougua uji ulikuwa na karanga. Bila maandishi, ugonjwa hauhesabiwi. Na usiohesabiwa hudhaniwa haupo.

Wala tusieleweke vibaya. Hatuwaambii kina mama waache kuwapa watoto karanga, soya au dagaa. Ni vyakula vyenye nguvu, na umaskini wa sahani ndio uliotudumaza. Mwaka 2015 ulitolewa utafiti uliofanywa London kwa watoto wachanga zaidi ya 600 walio katika hatari ya mzio. Walioanza kupewa karanga mapema kwa namna inayowafaa wachanga walipata mzio wa karanga kwa uchache kuliko walionyimwa. Kwa hiyo hatuwatishi watu na karanga. Twataka mama aijue karanga inapoingia katika kikombe cha mtoto wake, ili amtazame, na akiona dalili ajue la kumwambia mganga.

FUNZO LA UINGEREZA

Mwaka 2016 alikufa msichana wa Uingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse. Alikuwa na mzio wa ufuta. Alinunua mkate uwanja wa ndege, akautazama kama desturi yake, asione neno ufuta. Ufuta ulikuwa umekandwa pamoja na unga. Sheria ya wakati ule ililazimisha viwanda kuandika, lakini chakula kilichofungwa pale pale dukani kikasamehewa. Wazazi wake walipigana mpaka sheria ikabadilishwa, na tangu tarehe 1 Oktoba 2021 chakula cha namna hiyo huandikwa viungo vyote, na vyakula 14 vinavyoleta mzio hukazwa kwa maandishi.

Twaitaja habari hii kwa sababu ya ule msamaha. Walisema chakula kidogo kinachofungwa jikoni hakina haja ya masharti ya kiwanda. Koo la mtoto halikuujua msamaha huo. Wenzetu wale, pamoja na utajiri wao, walingoja msiba ndipo wakaandika. Sisi tunayo nafasi ya kuandika kabla ya msiba.

MGENI HAWEZI KUULIZA

Zamani maandishi hayakuhitajiwa. Kijijini kila mtu alimjua mpishi, na mpishi alimjua kila mlaji. Ukitaka kujua uji una nini, uliuliza, ukajibiwa. Mdomo wa mpishi ulitosha.

Leo chakula kimepanda gari. Makambako ni njia panda ya nchi: hapo barabara ya Njombe na Songea inaachana na barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia, na hapo reli ya TAZARA inapita. Abiria ananunua pakiti kupitia dirisha la basi, na kabla hajapewa chenji gari limeondoka. Atafungua kifuko chake Iringa au Tunduma. Atamwuliza nani? Unga uliosagwa Ilembula unakorogwa Mbagala na mtu asiyejua Ilembula iko wapi. Muuzaji akiwa hayupo, pakiti ndiyo mdomo wake. Na mdomo usiosema kilichomo unamdanganya mlaji kwa kunyamaza.

Hapa pana jambo linalotuchoma zaidi. Katika duka lile lile, juu ya rafu ile ile, ipo biskuti iliyotoka ng'ambo. Igeuze: utakuta imeandikwa ngano, maziwa, soya, mayai. Aliyeitengeneza hamjui mlaji wa Ilembula wala hampendi kuliko sisi tunavyompenda. Ameandika kwa sababu kwao mlaji anahesabiwa kuwa mtu. Iweje basi mali ya mgeni imheshimu mtoto wetu, na mali yetu wenyewe iwe bubu mbele yake? Tukiwahimiza wananchi wanunue vya nyumbani, ni lazima vya nyumbani viwe vya kweli kuliko vya kuletwa.

KWA LUGHA YETU

Twasisitiza Kiswahili. Ziko pakiti zilizoandikwa Kiingereza kitupu, na zimetengenezwa hapa hapa, kwa ajili ya watu wa hapa hapa. Mtengenezaji anadhani lugha ya kigeni itaipa mali yake cheo. Mama anayeinunua anaambulia picha. Ni kama kumwonya mtu juu ya shimo kwa lugha asiyoijua.

Nchi hii haikukosa akili ya kufundisha watu wake. Mwaka 1973 wananchi walikusanyika vijijini kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Wazee wetu walijifunza kusoma katika madarasa ya kisomo chini ya miti. Walijifunza ili wasome mambo yanayohusu maisha yao. Neno karanga kwenye mfuko wa unga ni fupi, linasomwa hata na aliyeishia darasa la pili. Asiyejua kusoma kabisa atasomewa na mwanawe.

KIBOKO AU MWALIMU

Sheria si ngeni. Shirika la Viwango, TBS, lilianzishwa mwaka 1975, na tangu mwaka 2019 limekabidhiwa kazi ya kusimamia usalama wa chakula iliyokuwa mikononi mwa TFDA. Kanuni za kimataifa za Codex, tume iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, zinataka chakula cha pakiti kiorodheshe viungo, na zinataja vile vinavyopaswa kutangazwa daima, kama ngano, maziwa, mayai, samaki, kamba, karanga, na korosho na jamii yake. Viwango vya Afrika Mashariki navyo vinataka orodha ya viungo. Kinachopungua ni kuifikisha kanuni kwenye meza ya mama anayefunga unga nyumbani kwake Ilembula.

Nasi twaonya: isimfikie kama kiboko. Ofisa akianza na faini na kukamata mali, kikundi kitavunjika, au kitauza kwa kificho, na maandishi hayatapatikana. Atakayefurahi ni mfanyabiashara mkubwa aliyemwondoa mshindani wake. Mwananchi huyu hakuacha kuandika kwa ubaya, hakuna aliyemwonyesha. Mwalimu atangulie. Baada ya kufundishwa na kupewa muda, atakayekaidi, hasa anayejua ametia karanga akaficha, sheria na imshike.

Mwalimu afanye nini? SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, pamoja na TBS na maofisa wa afya, lishe na biashara wa Halmashauri ya Wanging'ombe, waje kwenye kata badala ya kungojwa ofisini. Walete mfano mmoja wa lebo kwa Kiswahili, ambao kikundi chochote kitaunakili na kujaza vyake. Tena ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024. Kikundi cha chakula kinapopewa mkopo, kifundishwe siku hiyo hiyo kuandika kilichomo. Fedha na maarifa vitoke mlango mmoja.

KAZI YA MTENGENEZAJI

Ndugu mtengenezaji naye asikae akingoja semina. Yapo anayoweza kuanza wiki hii.

Aandike viungo vyote, kilicho kingi kikitangulia. Asiseme nafaka, aseme mahindi, ulezi, ngano. Asiseme mafuta ya mimea, aseme ni ya alizeti au ya karanga.

Vinavyoleta mzio avikaze au avirudie chini: INA KARANGA. INA SOYA. INA MAZIWA. INA NGANO. INA UFUTA. INA SAMAKI. INA MAYAI. Dagaa ni samaki, hata wakisagwa wasionekane.

Akumbuke mashine. Karanga za jirani zikisagwa saa tatu na ulezi wake saa nne bila mashine kusafishwa, unga wake umebeba karanga ambazo hakuzitia. Asage kwanza visivyo na karanga, asafishe mashine na vyombo. Na kama hana hakika, aandike kwamba umesagwa katika mashine inayosaga karanga.

Akibadili mchanganyiko kwa sababu soya imepanda bei, abadili na maandishi. Lebo ya mwezi uliopita juu ya unga wa mwezi huu ni uongo.

Watu watauliza gharama. Lebo nzuri ya kuchapwa ni bora, na ndiyo inayotakiwa mwishowe. Lakini asiyeiweza leo aanze na muhuri wa mpira na wino juu ya karatasi, au karatasi iliyotolewa nakala mjini na kubandikwa. Gharama hiyo haifiki gharama ya jina kuharibika. Wengine wataogopa kuibiwa siri ya mchanganyiko. Siri i katika vipimo, ukaangaji na mkono wa mtengenezaji, wala hakuna anayedai hivyo viandikwe. Anayeogopa kutaja kilichomo, mnunuzi ana haki ya kushuku kwamba hakimo kile alichokisifu.

Na tusiambiwe kwamba wananchi hawabadiliki. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilikatazwa nchini. Wengi walisema haitawezekana, soko litasimama. Soko halikusimama, watu walishika vikapu na mifuko mingine, wakaendelea kununua. Kuandika maneno sita juu ya pakiti ni kazi nyepesi kuliko ile.

Mwisho twasema na mnunuzi, maana yeye ndiye mwenye nguvu kuliko ofisa yeyote. Ndugu mwananchi, unapopewa pakiti isiyo na maandishi, usikasirike wala usimfedheheshe dada yako aliyeifunga. Muulize: ndani mna nini? Muulize na wiki ijayo. Viongozi wa mashina, kina mama wa vikundi, walimu na watu wa kliniki waulize vile vile. Muuzaji anayeulizwa swali moja na wateja ishirini atatafuta kalamu mwenyewe. Naye anayeandika kweli, mnunulieni kwanza, na wenzake wamwone akiuza.

Udumavu tutaushinda kwa chakula chetu wenyewe, kilicholimwa na kusagwa hapa. Kila atakayekila akijue.